Dakika Nane za Houston

Jumapili, 3 Mei. Irving
Daktari ameniagiza nipime presha kila asubuhi na kuiandika, kwa hiyo nimenunua daftari. Lakini namba peke yake haimwelezi mtu, nami nitaandika na sababu. Ya leo, niliyoipima jioni, iko juu. Sababu ni Fiona, binti yetu, ambaye baada ya ibada alikuja kula kwetu akatuambia, wali bado mdomoni, kwamba msimu huu amechaguliwa kapteni. Kapteni wa nini, nikauliza. Najua huenda mazoezini na wenzake wa chuo. Nilidhani ni soka. Kumbe ni mpira wa Kiairishi, na huu ni mwaka wake wa tatu.

"Baba Fiona, uliambiwa," mke wangu Lydiah akasema. "Ulikuwa kwa simu ya kazi."

Miaka mitatu. Nimebaki nikimwangalia mtoto kama mgeni aliyekosea nyumba.

Jumamosi, 9 Mei
Nimeuona kwa macho yangu na bado siamini. Wanaudaka mpira kwa mikono, wanaupiga teke, wanaudundisha kama wa kikapu, na yote hayo ni halali. Milingoti ina umbo la H. Mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukiingia wavuni chini yake ni goli, na goli ni pointi tatu. Binti yangu, tuliyempeleka masomo ya piano, aligongana bega kwa bega na msichana mkubwa kumliko, akaanguka, akaamka akicheka. Lydiah ni nesi. Hata hakuinuka kitini.

Lakini kilichonishtua zaidi ni saa. Hakuna. Mimi kazi yangu ni mizigo ya ndege hapa uwanja wa ndege, na ndege ina saa yake ya kufunga mlango. Mzigo ukichelewa, unabaki. Nilizunguka uwanja wote nikitafuta ubao wa saa. Nikamuuliza refa, mzee wa Kiairishi anayeitwa Colm, zimebaki dakika ngapi. Akagonga saa ya mkononi mwake, akasema ziko hapa. Wengine wanajuaje? Hawajui, akasema, wanangoja filimbi. Na mchezo ukisimama, mtu akiumia au wakinywa maji, ni yeye anayeamua aongeze ngapi mwishoni. Watu wazima wamekaa juani wakiuamini mkono wa mtu mmoja. Kwetu hata kura ya mwenyekiti wa kwaya huhesabiwa na watu watatu.

Colm alisema Fiona ni jina la kwao. Nikamwambia kwetu Bomet wamejaa, na wengi wanakamua ng'ombe.

Jumatano, 13 Mei
Presha imeshuka. Hakuna mechi katikati ya wiki.

Jumamosi, 16 Mei
Colm alisikia mimi ni Mkalenjin, akataka nikimbie pembeni na kibendera. Nikamwambia Mungu aliwagawia miguu ndugu zangu, mimi akanipa tumbo. Akacheka, akanivika stopwochi shingoni. Kazi yenyewe ni hii: akikunja mikono kifuani mchezo umesimama, nabonyeza. Ukianza tena, nabonyeza. Kipindi kikikaribia kuisha ananitazama, nami namwonyesha kwa vidole dakika za nyongeza. Saa yake yeye haisimami kamwe; inayokusanya kilichopotea ni yangu.

Sikuomba kazi hii. Lakini siwezi kukaa mahali ambapo muda unapotea na hakuna anayeuokota.

Jumapili, 17 Mei
Presha ya kawaida. Nimeshtuka.

Jumamosi, 6 Juni
Radi. Timu ya Fiona, Dallas, ilikuwa nyuma kwa pointi moja na ilikuwa imeshika mpira, wanashambulia kama nyuki, na mimi nikausikia mngurumo upande wa uwanja wa ndege. Hakuna mwingine aliyeusikia. Miaka yangu yote kazini, radi ikilia hatumruhusu mtu kukanyaga lami. Nikampungia Colm, akasimamisha. Wakakaa ndani ya magari mpaka ikapita, na waliporudi miguu ilikuwa imepoa. Wakafungwa.

"Dad, seriously?" Fiona akaniambia kwenye maegesho. "Hiyo thunder ungeisikia tu dakika moja baadaye."

"Niliisikia nilipoisikia."

Akanitazama, akatikisa kichwa, halafu akacheka kidogo na kuniomba nimbebee begi. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Tangu aende chuo hatujawahi kugombana juu ya jambo ambalo sote wawili tunalijua.

Jumamosi, 20 Juni. Houston
Tumeendesha saa nne kwenda kucheza na Houston. Huko kuna Whitney, rafiki wa Fiona wa tangu kambi za vijana za kanisa. Fiona ndiye aliyemwingiza kwenye mchezo huu, na sasa Whitney anamtesa uwanjani. Anaruka juu kuliko wote. Baba yake ni Mchungaji Mutuku wa kanisa moja la Wakenya kule mtaa wa Alief, mtu mpole, mwenye sauti kubwa. Alikuja uwanjani na koti la suti katika joto hili, nusura nimwitie ambulensi.

"Baba Fiona, wewe ndiye umeshika muda?" akaniuliza.

"Ule uliopotea tu, Pasta."

"Basi nikuletee wa kanisa letu," akasema, na waumini wake wakacheka kuliko alivyotarajia.

Ijumaa, 26 Juni
Joto. Nyasi za mbele zimekufa. Presha sawa.

Jumamosi, 11 Julai
Fiona amepata kazi Minnesota. Anahama mwisho wa Agosti. Alisema akiwa anamenya viazi, kana kwamba anatuambia anakwenda dukani. Lydiah alijua.

"So huu msimu ndio wa mwisho," Fiona akasema. "I want that cup, Dad. Tumepoteza fainali mbili mfululizo."

Fainali mbili, na mimi sikujua hata kama kuna kikombe. Nilitoka nje nikasimama kwenye nyasi zilizokufa. Nimeona mechi za msimu mmoja kati ya mitatu, na huu unaisha.

Jumapili, 26 Julai
Wamefuzu. Fainali ni Houston na sisi, na ni huko kwao. Nimempigia Colm nikamwambia atafute mtu mwingine wa stopwochi, mimi ni baba wa kapteni. Akasema alishapendekeza hivyo, na Houston wenyewe wamekataa. Wanamtaka yule Mkenya aliyesimamisha mchezo kwa radi binti yake akishambulia.

Nimetembea na sifa hiyo siku nzima kama mtu mwenye shati jipya.

Jumanne, 28 Julai
Juu kidogo. Shati jipya linabana.

Jumamosi, 8 Agosti. Pearland, karibu na Houston, kwa shemeji
Nimeandika tarehe kisha nikakaa muda mrefu bila kuandika kitu. Nitajaribu kwa mpangilio.

Jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Fiona aliisimamisha simu yake nyuma ya goli kama kawaida ili airekodi mechi; kocha huzipitia rekodi, na nakala Fiona humtumia mama yangu kule Bomet, ambaye yeye humwita Kogo, yaani bibi. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili tukasimama mara moja kwa ajili ya maji, nikabonyeza, nikabonyeza tena, kama kawaida. Kuelekea mwisho Fiona akapiga mpira mrefu ukapita juu ya mwamba, na wakawa mbele kwa pointi mbili. Moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka naona kamba ya stopwochi ikicheza kifuani.

Halafu Whitney akaruka. Aliruka kama anavyoruka siku zote, akaudaka, na alipotua goti lilikwenda upande ambao goti haliendi. Nilisikia. Nipo pembeni kabisa na nilisikia. Hakulia papo hapo. Alishangaa kwanza, kisha akalia. Fiona ndiye aliyekuwa karibu naye, akapiga magoti akamshika kichwa. Lydiah alishavuka mstari kabla filimbi haijaisha. Colm akakunja mikono kifuani, macho yangu yakiwa bado kwenye goti lile.

Na Mchungaji Mutuku akaingia uwanjani na lile koti lake, akatembea polepole mpaka kwa mtoto wake, akainua mkono. "Tuombe," akasema.

Nilivua kofia, nikafumba macho.

Ndivyo nilivyofanya. Nililelewa na mama aliyekufinya sikio ukichungulia wakati wa maombi, na ninakaribia miaka hamsini na tano sijawahi kuchungulia. Mtu akisema tuombe, mkono wa kulia unavua kofia na macho yanajifunga yenyewe, na stopwochi iko kwenye mkono huo huo wa kulia. Mchungaji aliomba kwa Kiswahili, kisha Kikamba, kisha Kiingereza kwa ajili ya wenyeji. Aliliombea goti, akawaombea madaktari, akaziombea timu zote mbili. Nami niliomba. Nilimwomba Mungu kwa moyo wote asiwe Fiona kesho. Sikuwa mahali pengine ila pale.

Amina. Nikafumbua macho, wakambeba Whitney nje, mpira ukarushwa, nikabonyeza kusimamisha. Saa ikaanza kutembea.

Ilianza. Maana yake haikuwa ikienda. Nikaisimamisha haraka, nikaitazama: palikuwa na yale maji tu. Maombi yote, kilio chote, kumbeba mtoto, havikuwamo. Nikatazama huku na huku kama mtu aliyeangusha kitu. Lydiah alikuwa na Whitney. Waumini wa Alief wote walikuwa wanajifuta macho. Hata Waairishi walikuwa wanarudisha kofia kichwani. Hakuna mtu uwanja mzima aliyekuwa ametazama saa.

Colm akanitazama. Akainua nyusi: ngapi?

Mchungaji huomba muda mrefu, nilijiambia. Kanisani kwake ukisimama kwa maombi unarudi ukiwa na njaa. Nikafikiria tatu, na mara nikasikia midomo ya watu: baba wa kapteni, binti anaongoza, akawapa tatu. Nikafikiria tano. Nikamwona yule mchungaji akitembea nyuma ya machela na koti lake. Nikainua vidole vinane.

Colm alisogea mpaka mstarini. "Nane? Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Sikuwa nao. Nimeandika hapa ili niuone mstari huo.

Katika dakika hizo za lala salama Houston walipata nafasi waliyoitafuta muda wote. Kocha wetu alikuwa anapiga kelele kwamba muda umekwisha. Fiona alinitazama mara moja, akiwa anahema, mikono kiunoni. Kisha mpira ukarushwa mbele, ukaguswa na mtu, ukaingia wavuni. Goli. Pointi tatu. Colm akapuliza filimbi ya mwisho mpira ukiwa bado unazunguka kwenye nyavu.

Wamefungwa kwa pointi moja. Fiona amerudi Irving na wenzake. Hakuniaga.

Jumapili, 9 Agosti
Whitney atafanyiwa upasuaji wiki hii. Lydiah amezungumza na mama yake. Fiona hajapokea simu yangu.

Jumatatu, 10 Agosti
Juu.

Alhamisi, 13 Agosti
Upasuaji umekwenda salama. Nimemwandikia Fiona habari hiyo. Amejibu kwa alama ya mikono iliyoshikana, basi. Ana hasira nami, na ni haki yake.

Jumapili, 16 Agosti
Leo kanisani mchungaji wetu amenisimamisha. Habari za fainali zimefika Irving. Akasema hapa kati yetu yupo mzazi ambaye binti yake alikuwa anashinda, naye akatoa muda wa haki mpaka wa mwisho bila kupendelea. Watu wakapiga makofi. Nilisimama pale na mikono yangu sijui niiweke wapi. Kiti cha Fiona kilikuwa kitupu kando ya Lydiah.

"Mbona umekunja uso?" Lydiah akanong'ona. "Wanakusifu."

Sijamwambia hata yeye. Chakula cha mchana kilinishinda.

Jumatano, 19 Agosti
Mvua kidogo. Fiona amepita kuchukua masanduku nikiwa kazini. Alijua zamu yangu.

Jumamosi, 22 Agosti
Nimempigia mama asubuhi. Kwake ilikuwa jioni, ng'ombe wamesharudi. Tulizungumza mambo ya mahindi, ya jirani, ya goti lake. Kisha akauliza la yule mtoto aliyeumia.

"Anaendelea vizuri, mama. Umejuaje kuwa aliumia?"

"Si niliona. Fiona alinitumia video siku ya pili yake. Nilikuwa nakunywa uji." Akacheka. "Mimi nilidhani wachungaji wa Marekani wanaomba sana. Yule aliomba kidogo tu. Hata uji wangu haukupoa."

Nilikuwa jikoni nimesimama. Nikakaa.

"Mama, hebu nitumie hiyo video."

Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga pasipo pake, "Kipngeno mwanangu, nimesahau. Fiona alinikataza. Alisema usiione, utaumia. Nimemwahidi mtoto."

Sikumbuki nilivyomuaga. Nilidhani kimya cha wiki mbili ni hasira. Kumbe mtoto alikuwa na hiyo video tangu jioni ile ile.

Jumapili, 23 Agosti
Sikwenda kanisani. Nimekwenda kwa Fiona. Nyumba yake imejaa makasha, hakuna pa kukaa. Alipofungua mlango na kuona uso wangu, alijua.

"Kogo," akasema.

"Nionyeshe."

"Dad, please. Haina haja."

"Nionyeshe, Fiona."

Tulikaa juu ya kasha la vyombo tukaangalia. Nimejiona pembeni kwa mbali, mwanamume mwenye tumbo, ameinamisha kichwa, kofia kifuani. Saa ya video inatembea chini ya kioo. Tangu filimbi, mpaka amina, mpaka mpira kurushwa: dakika tatu hazikutimia. Ukiongeza na ya maji, nne kwa ukarimu. Mimi nilitoa nane. Goli la Houston liliingia katika zile nne ambazo hazikuwepo, ambazo nilizitoa kichwani mwangu kwa hofu ya kuitwa baba wa kapteni.

Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia nilifumba macho, nikasahau kubonyeza, na kwamba niliongeza ili watu wasiseme.

"Najua," akasema. "Nilikuona umefumba macho. I was holding Whitney, nikainua kichwa, I saw you. Nikasema, oh no, Dad."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini? Watu wa Houston wanaku-respect. Church inaku-clap-ia. Mum alinitumia video ya makofi." Alikuwa anavuta gundi ya kasha kwa kucha. "Coach aliniuliza recording, nikamwambia simu ili-overheat. Nilimdanganya. But wewe siwezi kukudanganya usoni, so nika-avoid kuja nyumbani. That's all it was."

"Nilidhani umenikasirikia."

"Nilikuwa. Kama siku mbili hivi." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Ungeacha, Dad. Ungerudisha hiyo stopwatch na hungekanyaga uwanja tena. And it's the only thing we've ever done together."

Nimemtunza mtoto huyu miaka ishirini na miwili nikidhani mimi ndiye mlinzi.

Jumanne, 25 Agosti
Nimemwona Colm na kumweleza yote. Alinisikiliza mpaka kahawa yake ikapoa. Akasema matokeo hayabadiliki. Muda wa refa ni wa refa, na yeye ndiye aliyepuliza. Akasema hata yeye alifumba macho.

"Lakini nilikuuliza kama una uhakika," akasema.

Hilo tu. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 29 Agosti. Alief
Mchungaji Mutuku alizialika timu zote mbili kwenye ukumbi wa kanisa lake, chakula cha shukrani kwa ajili ya goti la Whitney. Fiona anasafiri kesho. Nilimwambia njiani nitakachofanya. Hakunizuia, alizima redio tu.

Kabla ya chakula niliomba nafasi nikasimama. Nimezoea kuongea na marubani na madereva, lakini niliongea kama mtoto anayekariri mistari. Niliwaambia wasichana wa Houston kikombe ni chao, hakuna anayekidai. Niliwaambia wa Dallas kwamba nilitoa dakika nne za uongo dhidi yao, kwamba refa aliniuliza nikasema nina uhakika, na kwamba kapteni wao alijua akanyamaza kwa ajili yangu, wasimlaumu. Nikavua stopwochi nikaiweka mezani, nikakaa.

Nikasikia sufuria likichemka nyuma. Kocha wetu alitoka nje. Kapteni wa Houston alikuwa anaangalia mikono yake.

Aliyeongea ni Whitney, mguu wake umelazwa kwenye kiti, magongo kando.

"Wait. So mimi nimevunja goti, na bado ni prayer ya Daddy ndio imeleta goal?"

Mtu mmoja akacheka, kisha mwingine. Si wote. Msichana mmoja wa Dallas alikuwa analia na hakujificha, na sikumwomba asilie. Kocha alirudi baadaye, akanishika mkono bila kunitazama. Ninakubali. Naweza kuishi na mkono huo.

Ndipo mchungaji akasimama, akainua mkono juu ya wali na kuku. "Tuombe," akasema, na sauti yenyewe haikuwa imetulia.

Nikafumba macho. Nilijiambia nisifumbe, na yakafumba. Katika giza hilo nikahisi mtu amesogea kando yangu, nikasikia kitu kimeokotwa mezani, kisha mlio mdogo ninaoujua: tiki.

Mchungaji aliomba. Alishukuru kwa goti, akawaombea madaktari kila mmoja kwa idara yake, akamwombea msafiri wa kesho, ndege, rubani, baridi ya Minnesota, akaniombea mimi kwa jina langu lote, akatubu kwa niaba ya waombaji wote wasiojua kuacha. Kuku walipoa. Amina ilipofika nikasikia tiki ya pili.

Fiona alinisogezea stopwochi chini ya meza. Dakika nane na sekunde kadhaa.

"See?" akaninong'oneza. "Hukukosea. Ni yeye tu aliharakisha siku ile."

Nilijaribu kucheka, nikashindwa katikati. Akaichukua kofia yangu iliyokuwa magotini, akanivalisha, akanivika na stopwochi juu yake, kamba ikakwama sikioni, naye akainyoosha taratibu kama ninavyokumbuka nikimfunga yeye mkanda wa kiti akiwa mdogo.

Presha sijapima leo.